Hapa Ushindi Hautajwi

Cleethorpes, Ijumaa usiku

Yaya, mkubwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti umefika, na ndani yake nimemsikia jogoo wa jirani, pikipiki mbili, na Mama akiuliza kwa mbali kama ninakula. Mwambie ninakula. Mwambie pia nguo nzito ninavaa na kanisa nimelipata. Akishajibiwa hayo matatu, naomba asogee mbali na simu, maana yanayofuata ni ya mpira, na yeye hadi leo anasema mpira ndio uliokuangusha mtihani wa Serikali.

Umeuliza nimeshaingia Old Trafford mara ngapi. Yaya, tangu nije Uingereza watu wa Kasenga huko Kongo mnadhani ninaishi katikati ya uwanja wa Manchester United, nikifungua mlango nakanyaga kibendera cha kona. Mimi ninakaa Cleethorpes, ubavuni mwa Grimsby, pwani ya mashariki ya nchi, pale mto Humber unapoingia baharini na upepo unapoingia nyumbani bila kupiga hodi. Timu yetu ni Grimsby Town. Iko ligi ya nne. Usicheke. Kesho saa tisa alasiri tunacheza nyumbani na Barrow, na mji mzima umekosa usingizi, ingawa ukimuuliza mmoja mmoja kila mtu atakuambia hata hakumbuki kama kuna mechi.

Hiyo ligi ya nne nikueleze kwanza, maana najua hapo kivukoni mmeshaanza kusema leki, mdogo wenu, amevuka bahari kwenda kushangilia timu ya mtaa. Juu kabisa kuna zile ishirini mnazozijua kwa majina ya wachezaji, ya wake zao na ya magari yao. Chini yake kuna ngazi tatu, kila ngazi timu 24. Jumla 92, na sisi tuko katika kundi la mwisho la hizo. Baada yetu kuna shimo. Karne hii timu yetu imetumbukia humo mara mbili: mwaka 2010, ikakaa miaka sita gizani, halafu 2021, safari hiyo ikapanda tena baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu wa hapa akisema "tutashuka" hatanii, anakumbuka.

Lakini usilinganishe na mechi zetu za Entente, ligi ya kwetu. Hawa wanalipwa mshahara. Uwanja, Blundell Park, unabeba watu elfu tisa hivi, na kuna bwana mmoja ambaye kazi yake duniani ni nyasi tu. Nimemwona kwa macho yangu amepiga magoti, anainua kijani kilicholalia upande kwa uma. Uma, Yaya, wa kulia chakula au wa ukubwa huo huo. Sisi kwenye ule uwanja karibu na misheni tulikuwa tunangoja mbuzi amalize kula kona ndipo tupige kona.

Na kwa kuwa Manchester United umeitaja wewe mwenyewe, si mimi, basi tuongee. Tarehe 27 Agosti 2025, Kombe la Ligi, walikuja hapa. Si timu ya vijana. Walikuja na wachezaji wa bei ya migodi. Vernam akafunga la kwanza, Tyrell Warren, ambaye hao hao United walimlea akiwa kijana, akafunga la pili, na kabla ya mapumziko tulikuwa mbili bila. Mbeumo akarudisha moja, Maguire akarudisha la pili mwishoni kabisa, tukaenda penalti. Zikapigwa 26. Nasema ishirini na sita! Makipa wenyewe walipiga. Kipa wetu Pym akaokoa ya Cunha. Mwisho Mbeumo akagonga mwamba, ikawa 12 kwa 11, na watu wakamwagika uwanjani juu ya nyasi za yule bwana wa uma. Usiku ule nilikupigia. Simu yako haikupatikana. Kesho yake haikupatikana. Siku ya tatu ukasema betri ilikuwa imekufa. Sikukuuliza kwa nini betri ya Yaya hufa United ikifungwa tu, nami sitauliza leo.

Halafu kulikuwa na mwenzetu mle ndani. Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya, Kenya, aliingia kipindi cha pili akiwa amekuja kwetu kwa mkopo. Kumbe saa ya mwisho ya kumsajili kwa mechi ile ilikuwa saa sita mchana, na karatasi zake zilikuwa zimeingia saa sita na dakika moja. Dakika moja, Yaya! Klabu yenyewe ikagundua, yenyewe ikajishtaki, ikapigwa faini ya pauni 20,000. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa chini. Kwetu, ambako mkubwa akisema saa mbili watu wanaoga saa tatu, nani angejua kuna kitu kinaitwa saa sita na dakika moja? Na kama angejua, nani angejishtaki?

Sasa utauliza, katika timu zote za Ulaya, kwa nini hii. Kwa sababu ya harufu. Siku niliyoshuka treni hapa nikiwa na begi moja na baridi ikinitafuta shingoni, upepo uliniletea moshi wa samaki, nikajua hapa nina ndugu ingawa bado hawajanijua. Wana nyumba za matofali zilizopakwa weusi na moshi wa miaka, humo wananing'iniza hadoki usiku kucha juu ya vumbi la mbao linalofuka bila kuwaka. Samaki wao wa moshi wana ulinzi wa kisheria tangu 2009. Huwezi kukausha samaki wako Lubumbashi ukawauza kwa jina la Grimsby. Nikafikiria wanawake wetu wa sokoni na samaki wao, mapale, juu ya vichanja, hakuna sheria inayowalinda hata na mvua.

Mji huu katika miaka ya 1950 ulihesabiwa bandari kubwa ya uvuvi kuliko zote duniani. Meli zao zilifika hadi maji ya Iceland. Waiceland wakachoka kuona samaki wao wanapanda meli za watu, wakasogeza mpaka wa bahari, wakausogeza tena, na kila mara Waingereza wakatuma meli za kivita kulinda wavuvi, wakagongana ubavu kwa ubavu na mashua za doria. Mwaka 1976 Uingereza ikakubali maili 200. Nchi yenye mabomu ya nyuklia ikasalimu amri kwa kisiwa cha watu laki mbili na ushei, na shauri lenyewe samaki. Meli za Grimsby zikafungwa gatini, nyingi zikaishia kuwa chuma chakavu. Viwanda ndivyo vilivyobaki: mpaka leo husemwa kiasi cha asilimia 70 ya samaki wanaoliwa nchi hii wanapita katika meza za hapa. Na wanatoka wapi samaki hao? Wengi Iceland na Norway, wanakuja kwa makontena, wamelala kwenye barafu. Mimi na wenzangu tunawatoa ngozi.

Nilipomsimulia mzee mmoja kazini, yule anayesimamia mashine ya barafu, habari za mpumbu, samaki wetu, aliacha koleo. Nilimweleza kama Babu alivyotueleza: mvua zikikolea mpumbu wanapanda Luapula kwenda kutaga, Wagiriki wa Kasenga wanangoja na mashua na barafu na malori, samaki wanakimbizwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha watu wa migodini, wakivuliwa na mayai yao tumboni mwaka baada ya mwaka, hadi ilipofika miaka ya 1950 mpumbu alikuwa hadithi ya wazee. Mzee akauliza, "Sisi tulimlaumu Iceland. Nyinyi mlimlaumu nani?" Nikamwambia tulilaumiana sisi kwa sisi, ilikuwa karibu zaidi. Tangu siku ile ananiwekea kiti chumba cha chai.

Na huko chumba cha chai ndiko mambo yalikoharibikia, Jumatatu.

Wewe unajua namna tunavyosubiri mechi. Wiki ya mechi ya Mazembe na Lupopo, Lubumbashi nzima haifanyi kazi, inatangaza. Mtaa wa Kamalondo wanasema nne, mtaa wa Kenya wanasema tano, mama wa kuuza sombe anakukatalia deni kama umevaa rangi isiyo yake, wale mashabiki wa Mazembe wa Cent pour cent wanapita na ngoma na matarumbeta siku mbili kabla, na mtu mzima mwenye wajukuu anaapa mbele ya watu kwamba wakifungwa atanyoa nyusi. Hakuna anayesema "labda". Anayesema "labda" tunamwangalia mara mbili, tunajiuliza nani amemlipa.

Basi Jumatatu, mapumziko ya chai, ratiba imebandikwa ukutani, mimi nikiwa na kikombe mkononi na moyo mweupe, nikasema kwa sauti ya kwetu: "Barrow? Tutawapiga tatu. Tatu bila."

Yaya, hata friji ilinyamaza. Kijana wa zamu aliyekuwa anakoroga sukari aliacha kijiko kinajizungusha chenyewe. Mama wa mizani, mtu mzima, mwenye heshima zake, akaweka kikombe chini akagonga meza. Hapa mtu akitaja bahati njema lazima agonge mbao, laa sivyo bahati inageuka. Lakini meza yetu ni ya plastiki. Akatazama kushoto, kulia. Viti, chuma na plastiki. Mlango, plastiki. Kiwanda cha chakula hakiruhusu mbao ndani, wakaguzi wanasema zinafuga wadudu. Basi mama yule alivua kofia ya nywele, akavua viatu vyeupe vya kiwandani, akavaa vyake, akatoka nje penye upepo hadi mwisho wa maegesho ya magari, akagonga uzio wa mbao mara tatu, akarudi, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko kama sheria inavyotaka, akavaa tena kila kitu, akaketi. Chai yake ilikuwa imepoa. Hakunisemesha hadi Jumatano.

Mzee wa barafu ndiye aliyenivuta pembeni. "Hapa ushindi hautajwi," akaniambia. "Tunapigwa mbili bila. Sema hivyo na wewe."

"Lakini Barrow hawatuwezi."

"Shsh!"

Nikafikiri labda ni yeye peke yake ana huzuni zake. Nikafanya uchunguzi. Kinyozi: tutapigwa moja, la dakika ya tisini. Dereva wa basi: sare mbaya, halafu mshambuliaji ataumia. Padri, mtu wa Mungu, baada ya misa aliangalia mawingu akasema mvua ikinyesha hatuna chetu, na isiponyesha pia. Mwanzoni niliwaonea huruma. Kisha nikaanza kuangalia vitendo. Kinyozi ana tiketi ya msimu mzima. Dereva amemvika mjukuu ambaye bado hajaota jino jezi ya mistari myeusi na myeupe. Mzee wa barafu mwenyewe husafiri na timu hadi miji ambayo hata Mungu huiendea mara moja moja. Watu hawa hawaamini neno hata moja wanalolisema, Yaya. Wanamdanganya mtu. Wanaongea kwa sauti ili yule anayegawa bahati asikie, adhani hawa wamekata tamaa, apite zake, kisha wao wachukue pointi tatu kimya kimya. Sisi tunaitisha ushindi kwa ngoma. Wao wanautega, wamelala kwenye majani, hawapumui.

Mapadri walitufundisha kwamba Wazungu hawana dawa za mpira. Wangetembea nami wiki hii. Kuna jamaa wa sehemu ya kupakia, soksi zake za mechi hazifuliwi timu ikiwa haijafungwa; ombea tu tufungwe mara moja moja kwa ajili ya mke wake. Kuna mwingine lazima aingie lango lile lile, na kama foleni yake ni ndefu na ya jirani haina mtu, anasimama kwenye ndefu. Na kuna yule aliyekuwa chooni usiku ule wa United wakati penalti zinaanza. Aliposikia kelele za ile ya kwanza alitaka kutoka, rafiki zake wakamzuia mlangoni: umeingia mambo yakiwa mazuri, kaa humo humo. Akakaa penalti zote 26. Ushindi mkubwa wa maisha yake ameusikia kupitia tundu la hewa, na siku hizi mechi yoyote ikielekea penalti wenzake hawamuulizi, wanamsindikiza tu.

Tena wana samaki wa kupuliza. Wa mpira, mwenye urefu wa mkono, jina lake Harry. Alianza msimu wa 1988 na 1989, wakati mashabiki wa Manchester City walikuwa wanapunga ndizi za kupuliza. Watu wa Grimsby wakaona ndizi si yao, wakaja na hadoki, na walipokwenda Wimbledon kwenye Kombe la FA jukwaa lao lilikuwa bahari. Hadi leo timu ikifanya makubwa Harry anatoka kabatini. Mwaka 2023 walipofika robo fainali ya Kombe la FA, baada ya kuwatoa Southampton kwao kwa penalti mbili za Holohan, hakukuwa na hadoki wa kupuliza aliyebaki kabatini mjini hapa. Wapinzani huwatukana kwa samaki: wananuka, hivi, vile. Wao wanajibu kwa kuimba kuhusu samaki kwa sauti kubwa zaidi, hadi tusi linakosa pa kukaa. Nilipenda hapo. Nani asiyejua tulivyoitwa Lubumbashi, sisi watu wa Kasenga, tukishuka kwenye lori na mizigo yetu?

Mimi wangu nimempuliza jana usiku. Amelala juu ya friji. Mpangaji mwenzangu, Mromania, aliuliza kama ni mila ya Kongo. Nikamwambia ndiyo.

Uwanja wenyewe una kichekesho chake. Timu ni ya Grimsby lakini Blundell Park iko Cleethorpes, tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, kwa hiyo wenyeji hutaniana kwamba timu yao tangu hapo inacheza ugenini tu. Sehemu ya jukwaa kuu ni ya mwaka 1901. Nyuma yake inapita reli, nyuma ya reli ni maji. Ukikaa juu jukwaa la pili, mpira ukichosha unahesabu meli. Mimi ninakaa Pontoon, nyuma ya goli. Nilipoliona jina hilo kwenye tiketi mara ya kwanza nilitafuta mto. Timu ilianzishwa 1878. Mzee wa barafu anaweza kukusomea yote bila kitabu: kwamba Bill Shankly alifundisha hapa tangu 1951 hadi 1954 kabla dunia haijamjua, kwamba 1939 walicheza nusu fainali ya Kombe la FA na Wolves pale Old Trafford, watu 76,962, na hadi leo uwanja huo wa timu yako haujajaza watu wengi kuliko siku ile. "Rekodi ya Old Trafford ni yetu," husema, kifua mbele. Nikamuuliza matokeo. Akaangalia barafu. Kipa wao aliumia mapema, siku hizo hakuna wa akiba, wakala tano bila.

Nami sikukubali kubaki nyuma. Nikamwambia kwetu pia tuna weusi na weupe, na nikamweleza Mazembe ya 2010, walivyompiga Internacional ya Brazil mbili bila Abu Dhabi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu bingwa ya dunia. Wakafungwa tatu na Inter ya Italia, hilo nililisema haraka. Nikamweleza kwamba mwenyekiti wao, Katumbi, alikulia Kashobwe, na baba yake, Soriano, aliyetoka kisiwa cha Rhodes, alikuwa mtu wa samaki, kwa hiyo ukifuata fedha hadi mwanzo unakuta ziwa Mweru. Hilo alilielewa mara moja. Asilolisadiki ni Kidiaba. Ikabidi nitoe simu. Chumba kizima cha chai kikakusanyika kumwona kipa mtu mzima, goli likifungwa upande wa pili, anaruka uwanja kwa matako, na msuko wake unaruka naye. Wakaomba tena. Mama wa mizani, ilikuwa Jumatano hiyo, alicheka hadi akajisahau kwamba hanisemeshi.

Barrow wenyewe siwafahamu vizuri. Wanatoka upande wa pili wa nchi, pwani ya magharibi, mwisho wa barabara ndefu isiyokwenda kwingine. Walitolewa kwenye ligi kwa kura mwaka 1972, wakarudi 2020. Miaka arobaini na minane nje, kwa hiyo nao wanajua kungoja. Mji wao unatengeneza nyambizi za nyuklia, zile zinazokaa chini ya maji miezi. Mji wa samaki dhidi ya mji wa nyambizi: nilisema kwetu watu wangetunga wimbo siku hiyo hiyo. Hapa waliniomba nisiseme chochote.

Jambo moja hutalisadiki, lakini uliza yeyote. Kesho saa tisa ya huku, wewe Kasenga, ukiwa na jenereta yenye mafuta na dekoda ya jirani, unaweza kuangalia mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayochezwa saa hiyo. Mimi niliye Uingereza siwezi. Wana sheria ya zamani: Jumamosi kuanzia saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo, hakuna mpira wa moja kwa moja kwenye televisheni humu nchini, ili watu wasiache viwanja vidogo vitupu. Kwa hiyo wewe uangalie United yako ukiwa na miguu mchangani, mimi nitakuwa Pontoon naangalia Barrow nikiwa na soksi mbili mbili na Harry kwapani. Sheria hiyo ilinifanya nicheke, halafu nikaiheshimu. Watu elfu kadhaa wanakwenda kukaa kwenye upepo huu kwa sababu serikali ya mpira imekataa kuwapa kisingizio.

Leo jioni, wakati wa kutoka kazini, nilikuwa navua buti, mzee wa barafu akaja akasimama. Akafunga zipu, akafungua zipu. Nikajua lipo.

"Ile yako ya Jumatatu," akasema. "Bado unashikilia?"

"Tatu bila."

"Ni nyingi."

Yaya, nikaona macho yake. Nimeyaona macho hayo maisha yangu yote pale kivukoni, mteja ameshaupenda mzigo lakini anatazama pembeni. Nikaweka buti chini.

"Unatoa ngapi?"

"Sare. Moja moja."

"Mzee, sare hata Barrow wenyewe wanaitoa. Tatu bila ni bei ya asubuhi. Kwa kuwa ni wewe, tatu moja."

"Wakipata moja wataamka. Mbili bila."

"Jumatatu mbili bila uliwapa wao!"

Akatazama mlangoni asisikike. Akasogea karibu. "Mbili moja," akasema polepole, "na la kwetu la ushindi lije mapema, moyo wangu si mzuri."

"La ushindi dakika ya sabini."

"Sitini."

Nikampa mkono. Akaushika kwa nguvu, kisha akauachia haraka, akageuka kwa watu wote waliokuwa wanavaa makoti yao, akatangaza kwa sauti kwamba kesho hatuna lolote na upepo utakuwa wa kaskazini. Mama wa mizani akaitikia amina. Nilipofika nyumbani nikakuta amenitumia ujumbe, mzee huyo huyo: nipite kumchukua saa saba na nusu, twende kwa njia ya nyuma, ile tuliyopita siku ya United.

Samaki wa chisense mlionitumia walifika salama, asante. Posta walifungua wakafunga tena haraka. Msalimie Mama, leki zetu wote, na jirani mwenye dekoda. Kesho jioni weka simu kwenye moto, betri isife.

Leki wako